UZI: Miaka 20 jela. Nani anayepima, jaji au Bunge?

1/
Wakenya wenzangu, kuna maneno mawili utayasikia kwenye kila mkutano wa siasa, redio za asubuhi na magrupu ya WhatsApp. La kwanza: "Majaji wamekuwa wapole, wanawapunguzia vifungo wanaonajisi watoto wetu." La pili: "Vijana wetu wanaozea jela miaka 15 kwa sababu ya mapenzi ya shule." La kwanza hupigiwa makofi. La pili pia hupigiwa makofi. Na mara nyingine ni mdomo mmoja umeyasema yote mawili, inategemea tu mkutano ulikuwa wapi.

2/
Leo naeleza historia ya hiyo miaka: ilitoka wapi, nani aliiweka, na nani anaweza kuibadilisha. Kama kawaida ya hapa, sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Pia sitaji jina la mtoto wala la mfungwa. Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

3/
Tuanze na kitu ambacho wengi huchanganya. Mtu akikata rufaa si lazima awe anasema "sikufanya". Unaweza kupinga hatia, unaweza kupinga adhabu, unaweza kupinga zote mbili. Anayepinga adhabu peke yake anasema: "Sawa, mmenipata na hatia, lakini miaka mliyonipa imezidi." Tena Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, inasema aliyekiri kosa mwenyewe mbele ya hakimu hana rufaa nyingine ila hiyo: urefu wa adhabu, au uhalali wake.

4/
Sasa turudi nyuma. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka wa 1930, enzi za mkoloni. Kwa ubakaji, ilisema mtu anaweza kufungwa hadi maisha, na kazi ngumu, na hata viboko juu yake. Inasikika kali, si ndiyo? Lakini soma vizuri hilo neno "hadi". Sheria iliweka dari, haikuweka sakafu. Mmoja angepata miaka mingi sana, mwingine kwa kosa lile lile akapata michache, na zote mbili zingekuwa halali.

5/
Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kanuni mwaka wa 1954 ambayo mawakili wetu wanainukuu mpaka leo. Kwamba mahakama ya juu haigusi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa tofauti. Itaigusa kama aliyetoa hukumu alifuata kanuni isiyofaa, au alisahau jambo la maana, au adhabu imezidi waziwazi. Yaani kipimo kilikuwa mkononi mwa jaji, na jaji wa juu yake alikuwa akikagua tu kama kimeshikwa vizuri.

6/
Shida ni kwamba jaji ni mtu, na ametoka kwenye jamii. Kwa miaka mingi sheria yenyewe ya unajisi ilimtaja msichana wa chini ya miaka 14 peke yake. Jamii nayo ilikuwa na lugha yake: "mambo ya nyumbani", "vijana ni vijana". Usiku wa Julai 13, 1991, kwenye shule ya bweni ya mseto kule Meru, wasichana 71 walibakwa na wenzao wa kiume na wasichana 19 wakafa. Nchi ilishtuka. Lakini ilichukua miaka 15 zaidi kabla Bunge kutunga sheria mpya ya makosa haya.

7/
Sheria hiyo ni ile ya Makosa ya Ngono ya 2006. Haikuletwa na serikali. Ililetwa na mbunge wa kuteuliwa, mwanamke, wakili, kama mswada wa mbunge binafsi, ndani ya Bunge ambalo wanawake hawakufika 20. Mjadala ulikuwa moto. Kuna siku wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi baada ya mwenzao kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema "la" maana yake ni "ndiyo". Pendekezo la kuwahasi wahalifu kwa dawa liliondolewa. Kumbaka mke wa ndoa halikuingia. Lakini kitu kimoja kilipita, nacho ndicho kiini cha uzi huu: sakafu.

8/
Sakafu ni hii. Ubakaji: si chini ya miaka 10. Ubakaji wa genge: si chini ya 15. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini: kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18: si chini ya miaka 15. Msichana au mvulana, sawa. Kuanzia hapo jaji angeweza kupanda juu ya sakafu, si kushuka chini yake. Bunge lilichukua sehemu ya kipimo kutoka mkononi mwake, na lilifanya hivyo kwa makusudi.

9/
Kabla hujasema walikosea, kumbuka Busia 2013. Binti alibakwa na genge, akatupwa ndani ya shimo la choo, akaumia mgongo. Waliokamatwa walipewa adhabu gani na polisi? Kukata nyasi. Zaidi ya watu milioni moja duniani walitia sahihi ombi la kudai haki. Mwaka wa 2015 wanaume watatu walihukumiwa miaka 15 kwa ubakaji wa genge. Mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana kwa kutochunguza kesi zao za unajisi. Hiyo ndiyo nchi ambayo sakafu iliwekewa.

10/
Bunge halikuishia hapo. Milango ya pembeni nayo imefungwa. Kwa makosa mengine mshtakiwa anaweza kuketi na upande wa mashtaka wakaelewana: nakiri kosa dogo, mnaondoa kubwa. Kwa makosa ya ngono sheria inakataza maelewano hayo. Na mzazi hawezi kuondoa kesi kwa sababu wazee wamekaa wakala maslaha, wameletewa mbuzi, yameisha. Kesi si ya baba, ni ya Jamhuri. Kuisimamisha ni uamuzi wa DPP.

11/
Lakini sakafu inabeba kila anayesimama juu yake. Mzee wa miaka 50 aliyemvizia binti wa jirani wa miaka 16, sakafu ni 15. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa na mpenzi wa miaka 16, wakipendana mpaka mama wa msichana akaenda kituoni, sakafu ni hiyo hiyo 15. Sheria inampa mshtakiwa utetezi mmoja kuhusu umri: kwamba mtoto alimdanganya kuwa ameshafika miaka 18 na yeye akaamini kwa sababu za maana. Hakuna kifungu kinachosema "walikuwa rika".

12/
Kuna athari nyingine watu hawaioni. Kama kukiri kosa hakukupunguzii hata siku moja chini ya sakafu, utakiri kwa nini? Bora ujaribu bahati yako. Matokeo yake mtoto lazima apande kizimbani kueleza yote mbele ya watu wazima wasiomjua. Sisemi sakafu iondolewe kwa hiyo sababu. Nasema hiyo pia ni gharama, na anayeilipa ni mtoto.

13/
Sakafu ilibadilisha hata rufaa zenyewe. Miaka ya kifungo ikitegemea umri wa mtoto, basi vita vinakuwa vya umri. Miaka 11 ni maisha, miaka 12 ni 20. Miaka 15 ni 20, miaka 16 ni 15. Na mtoto wa miaka 11 na miezi 8? Swali hilo limewakunisha majaji vichwa. Ndiyo maana kwenye rufaa utasikia mabishano marefu juu ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti ya daktari na kumbukumbu ya mama. Mtu wa nje anadhani ni ubishi wa makaratasi. Kumbe hiyo karatasi ndiyo kifungo.

14/
Ikaja Katiba ya 2010 na lugha yake ya utu na haki ya kusikilizwa. Kisha Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi ambao kila mfungwa Kenya anaujua kwa jina moja: Muruatetu. (Mahakama ya Juu ni ile ya mwisho kabisa. Mahakama Kuu iko ngazi mbili chini yake.) Kesi ilikuwa ya mauaji. Sheria ilisema ukipatikana na hatia ya mauaji ni kunyongwa, jaji hana la kuchagua. Mahakama ikasema kumnyima jaji nafasi ya kusikiliza hali ya huyu mtu aliye mbele yake ni kinyume cha Katiba. Haikufuta adhabu ya kifo. Ilifuta ulazima wake.

15/
Mlango ukafunguka kidogo, na watu wakapita kwa wingi. Waliofungwa kwa unajisi wakauliza: kama ulazima ni mbaya kwa muuaji, kwangu ni mzuri kwa nini? Kuanzia 2018 Mahakama ya Rufaa ikaanza kukubaliana nao. Maisha yakawa miaka fulani, 20 ikawa 15, na kadhalika. Machi 2019 majaji watatu Nairobi walimwachilia kijana aliyekuwa akitumikia miaka 15 kwa sababu ya msichana aliyekaribia kufika 18, wakasema wazi kwamba nchi inahitaji mjadala wa kweli juu ya umri wa kuridhia na adhabu zinazolingana na kosa. Uliwaona wanasiasa walivyoruka? Walirukia umri. Suala la adhabu waliliacha barabarani.

16/
Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ikarudi ikasema: subirini, Muruatetu ilihusu mauaji tu. Mkitaka kupinga adhabu za makosa mengine, leteni kesi zenu, zianze Mahakama Kuu, zipande ngazi kwa ngazi. Je, mambo yalitulia? Wapi. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba sakafu ikimfunga jaji mikono kabisa inakiuka Katiba. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa kule Malindi ikasema kifungo cha maisha chenyewe si cha kibinadamu, ikambadilishia mtu aliyemnajisi mtoto mdogo sana kutoka maisha hadi miaka 40.

17/
Hapa niseme kitu ambacho hakisemwi jukwaani. Nimewahi kuongea na mama ambaye mtoto wake alipitia haya. Kwake hukumu ilikuwa imefunga jambo. Aliambiwa na jirani, sokoni, kwamba yule mtu amepunguziwa kifungo. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ipo tangu 2014 na inampa mwathiriwa haki ya kusikilizwa. Yeye hakuitwa na mtu. Na upande wa pili, jamaa za wafungwa walikuwa wanasafiri na makaratasi kutoka korti hadi korti kwa sababu wamesikia "sasa wanapunguza". Sheria ikiyumba, familia zote mbili ndizo zinazopelekwa huku na huku.

18/
Kisha Julai 12, 2024. Kesi ilikuwa ya mtu aliyepewa miaka 20, Mahakama Kuu ikaiacha, Mahakama ya Rufaa kule Nyeri ikaipunguza hadi 15. DPP akakata rufaa. Mahakama ya Juu ikarudisha 20. Sababu zake ni muhimu kuliko matokeo, kwa hivyo naziweka moja moja.

Moja: adhabu ya lazima si sawa na adhabu yenye kiwango cha chini. Kwenye lazima jaji hana pa kusogea. Kwenye kiwango cha chini anaweza kusogea, ila kwenda juu.

Mbili: hakuna aliyekuwa ameleta kesi inavyotakiwa, tangu chini, kupinga kifungu hicho cha sheria. Huwezi kukiua kifungu njiani.

19/
Tatu, na hii ndiyo wengi hawaijui: kifungu cha 361 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kesi ikitoka kwa hakimu, rufaa ya kwanza ni Mahakama Kuu, na huko unajadili kila kitu. Rufaa ya pili, Mahakama ya Rufaa, ni ya masuala ya sheria peke yake. Na sheria imesema kwa maneno yake kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli wa kesi, si suala la sheria. Kwa hivyo, kama adhabu ilikuwa halali na Mahakama Kuu haikuiongeza, majaji wa rufaa ya pili hawana ruhusa ya kuigusa, hata iwaume vipi.

20/
Ujumbe wa jumla ulikuwa huu: kutoa adhabu ni kazi ya jaji, lakini mipaka ya adhabu huwekwa na Bunge. Aprili 2025 ile kesi ya Malindi nayo ikafika juu, na kifungo cha maisha kikarudishwa. Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani leo anapiga kelele kwamba majaji wanapunguza vifungo ovyo, mwambie amechelewa. Mlango huo ulifungwa.

21/
Basi aliye ndani amebakiwa na nini? Bado kuna kitu. Ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na akichelewa anaweza kuomba ruhusa. Huko anaweza kupinga umri uliotumika kumhukumu. Kama alipewa miaka juu ya sakafu, anaweza kuuliza kwa nini. Anaweza kuomba vifungo viwili viende pamoja badala ya kufuatana. Na anaweza kudai muda aliokaa rumande uhesabiwe, kifungu cha 333(2). Hicho hakimu akikisahau, mtu anaweza kupoteza miaka miwili au mitatu ya maisha yake bila sababu.

22/
Ila rufaa ni panga lenye makali pande mbili. Nimekaa kiti cha nyuma cha korti nikasikia jaji akimwonya mfungwa: "Ulipewa miaka 10, sheria inasema 20. Ukiendelea na rufaa hii, naweza kuiongeza. Unaelewa?" Yule bwana hakuwa na wakili. Alifikiri kidogo, akasema anaiondoa rufaa. Onyo hilo si vitisho, ni haki yake aambiwe mapema. Lakini utaona jinsi mtu asiye na wakili anavyotembea gizani, na wengi wa walio ndani hawakuwahi kuwa na wakili.

23/
Maoni yangu, na unaweza kunipinga. Sakafu kwa anayemnajisi mtoto mdogo ina sababu, na sababu zenyewe tuliziona Meru na Busia. Nisingependa iguswe. Lakini vijana wawili wa rika moja kupimwa kwa kipimo cha mzee anayevizia watoto, hiyo si haki, na haimlindi mtoto yeyote. Vitu hivi viwili vinaweza kukaa ndani ya sheria moja. Anayekwambia lazima uchague kimoja anakuuzia hasira.

24/
Na sheria hii si msahafu. Ilipotungwa ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema anayeshtaki mtu kwa uongo apewe adhabu ile ile ya kosa alilomsingizia mwenzake. Waathiriwa waliogopa kwenda kituoni. Watu wakapiga kelele, na mwaka wa 2012 Bunge likakifuta. Sakafu inaweza kupangwa upya kwa njia hiyo hiyo: mswada, mjadala, kura, kila mtu akionekana alisimama wapi.

25/
Kwa hivyo anayekuja kuomba kura akianza na wimbo wa "majaji wapole" au "vijana wetu wanaonewa", muulize maswali matatu tu.

Moja: ni kifungu gani cha Sheria ya Makosa ya Ngono unataka kibadilishwe, na kiwe kinasema nini?

Mbili: kijana wa 19 na msichana wa 16, wewe ungewawekea sakafu gani?

Tatu: utatenga pesa kiasi gani za mawakili wa bure na za kuwapasha habari waathiriwa kesi inapofika kwenye rufaa?

26/
Akijibu hata moja bila kutaja jaji, msikilize mpaka mwisho. Akirudi kwa majaji, jua anakuelekeza kwenye mlango ambao yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo.

Swali lako liweke hapo chini, nitajibu ninayoyaweza. Na tafadhali, ukisimulia kesi unayoijua, usitaje jina la mtoto. Matusi peleka kwingine.